Mshahara wa mwalimu wa shule ya umma Marekani: miaka yako ya kazi inahesabiwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo walimu wa kwetu wanaulizana kila msimu wa ajira, wale walioko tayari Texas, North Carolina, Georgia na kwingineko, na wale bado wako nyumbani wanasubiri visa. Nimeyapanga kuanzia mambo ya kawaida mpaka kesi ngumu. Kama swali lako limejibiwa sehemu nyingine nimeandika namba, nenda pale. Na nisisitize kitu kimoja mapema kwa sababu kinawaumiza watu wengi sana: Marekani hawalipi miaka uliyofundisha, wanalipa miaka unayoweza kuithibitisha kwa karatasi. Ukiwa na miaka 14 kichwani na barua ya miaka 4 mkononi, wewe ni mwalimu wa miaka 4.

## Mambo ya mwanzo

1. Nani anapanga mshahara wa mwalimu kule? Kuna TSC yao?

Hakuna. Ukiwa Kenya mwajiri ni TSC, tume ya taifa ya walimu, na gredi ni zilezile Turkana mpaka Kwale, na Tanzania skeli ya TGTS ni moja ukiwa Kagera au Mtwara. Marekani elimu ni mambo ya majimbo, na ndani ya jimbo kuna distrikti za shule, nchi nzima ziko zaidi ya 13,000, na mwajiri wako ni distrikti. Hawaii peke yake ndo jimbo zima ni distrikti moja.

Majimbo mengine kama North Carolina na Georgia yana jedwali la mshahara la jimbo zima alafu distrikti inaongezea hela yake juu. Texas jimbo linaweka kima cha chini tu na distrikti nyingi zinalipa zaidi. California kila distrikti inakaa mezani na chama cha walimu wanapatana. Kwa hiyo mtu akikwambia "Marekani uzoefu wa Afrika hauhesabiwi" au "unahesabiwa wote", muulize kwanza jimbo gani na distrikti gani. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kila mtu na kwake.

2. Stepu na leni ni nini?

Jedwali la mshahara lina mistari ya kwenda chini na safu za pembeni. Kwenda chini ni miaka ya kazi, hizo ndo stepu. Pembeni ni elimu yako, digrii, masta, mpaka udaktari, hizo ndo leni. Unatafuta pale miaka yako inapokutana na elimu yako, hapo ndo mshahara wako ulipo. Georgia kwa mfano leni zinaitwa T-4 kwa mwenye digrii, T-5 masta, T-6, alafu T-7 udaktari, na stepu zinaanzia E kwa anayeanza, zinapanda 1, 2, 3 mpaka mwisho kuna L1 hadi L6.

Huu mtindo ulianza 1921 Denver na Des Moines. Kabla ya hapo mwalimu wa msingi, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, alilipwa chini ya mwalimu wa sekondari hata kama wamesoma sawa, na sehemu nyingi walimu weusi walilipwa chini ya wazungu. Jedwali moja kwa wote lilikuwa dawa ya hayo. Ndo maana mpaka leo HR, yaani ofisi ya watumishi, wanalishika sana, wakikupandisha wewe kwa huruma wanavunja usawa kwa wengine wote, na ukilielewa hilo utajua kwanini swali la 15 lina jibu lililopo pale.

3. Kwani tofauti ni kubwa kiasi gani?

Kubwa. Chukua jedwali la North Carolina la mwaka wa shule 2024-25. Mwalimu mwenye digrii na miaka 0 analipwa na jimbo dola 41,000 kwa mwaka. Mwenye miaka 15 analipwa 53,880. Hiyo ni tofauti ya dola 12,880, na kwa kuwa mkataba ni wa miezi kumi ni kama dola 1,288 kila mwezi wa kazi, hapo bado hujaweka nyongeza ya distrikti.

Sasa angalia na hapa. Jedwali hilohilo, kuanzia miaka 15 mpaka 24 mshahara umesimama palepale 53,880, unasogea tena ukifika 25, hapo ni 55,950. Kwa hiyo kama una ushahidi wa miaka 16 na unahangaika kutafuta barua ya shule uliyofundisha miaka mitatu zamani, kwa jedwali hilo haikuongezei kitu leo, ila kama una ushahidi wa miaka 4 tu hiyo barua ni hela nzuri. Soma jedwali la unakoenda kwanza ndo ujue upiganie nini.

Texas, kima cha chini kilichowekwa baada ya sheria ya 2019 kilianzia 33,660 kwa miaka 0 mpaka 54,540 kwa miaka 20 na zaidi. Distrikti kubwa za Houston na Dallas zinaanzia juu zaidi ya hapo, lakini uzoefu ndo unaoamua unaanzia wapi.

4. Mwaka unaohesabika ni upi?

Kila jimbo lina kipimo chake. Texas ni angalau siku 90 za kazi ya muda wote ndani ya mwaka mmoja wa shule, au siku 180 kama ulikuwa unafanya nusu ya muda. Siku za kazi, sio siku za kalenda.

Hapa kuna kitu ambacho watu wa kwetu hawakioni. Mwaka wao wa shule unaanza Julai au Agosti unaisha Juni, wetu unaanza Januari. Mwalimu aliyeajiriwa Januari 2015 akaacha Desemba 2018 anahesabu miaka 4 na anaandika "2015-2018" basi. Mtu wa HR akiikata kwa miaka yao anapata kipande cha Januari hadi Juni 2015, alafu miaka mitatu kamili, alafu kipande cha Julai hadi Desemba 2018. Vile vipande vya pembeni vinaweza kufika siku 90 au visifike, inategemea siku ulizofanya kazi kweli. Ndo maana barua ikiandikwa mwaka tu bila tarehe na mwezi unaweza kupunjwa. Omba iandikwe siku, mwezi na mwaka wa kuanza na wa kumaliza, na kama kuna likizo bila malipo itajwe.

## Uzoefu wa nyumbani

5. Nimefundisha shule ya serikali Kenya au Tanzania miaka 12. Watanihesabia?

Sehemu nyingi inawezekana, kama vitu vinne vimekaa sawa: shule ilikuwa inatambuliwa na serikali ya nchi yako, ulikuwa mwalimu wa muda wote, ulikuwa na sifa za ualimu wakati huo unafundisha (hapa wanaangalia tarehe ya cheti au digrii na tarehe ya ajira), na una ushahidi.

Shida ni kikomo. Distrikti nyingi zina idadi ya juu ya miaka ya nje wanayokubali, unakuta moja inahesabu yote na ya jirani yake inaishia mitano au kumi. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu na HR lisiwe "mnakubali uzoefu wa Kenya?", uliza "kikomo cha miaka ya nje ni ngapi, na uzoefu wa nje ya nchi uko kwenye kikomo hichohicho au una chake?" Watakujibu vizuri, maana umeuliza kama mtu anayejua.

Kuna jambo lingine la tarehe. Kama ulianza na cheti cha daraja A au P1, ukafundisha miaka sita, alafu ukaenda kusoma digrii ukarudi darasani, kuna distrikti zitahesabu yote kwa sababu ulikuwa mwalimu mwenye leseni ya nchi yako muda wote, na kuna zitakazoanzia siku ya digrii. Usikubali tu kimyakimya, peleka cheti cha kwanza pamoja na usajili wako, Kenya ile namba ya TSC yenye tarehe ya usajili inasaidia sana hapa.

6. Na shule binafsi, akademi, intanasheno?

Inategemea usajili. Shule iliyosajiliwa na wizara, yenye namba ya usajili na kituo cha mtihani wa taifa, ina nafasi nzuri. Weka hiyo namba ndani ya barua, usiwaachie wao waitafute. Twisheni, senta za kufundishia lugha na madarasa ya online huwa hazihesabiwi kama mwaka wa shule.

7. Nilikuwa mwalimu wa BOM, yaani niliajiriwa na bodi ya shule. Au nilijitolea tu nikisubiri ajira.

BOM kama ulifanya muda wote na ulilipwa, hiyo ni kazi ya ualimu kwenye shule ya umma, itetee. Tatizo ni kwamba TSC hawana rekodi ya mshahara wako, rekodi iko shuleni, kwa hiyo barua atoe mwalimu mkuu ambaye ndo katibu wa bodi, na uiunge na barua ya ajira ya bodi, vocha za malipo au statement za benki au M-Pesa za miezi ile. Vijana wengi wa Kenya wamekaa BOM miaka mingi kabla ya TSC kuwaajiri, hiyo miaka isitupwe.

Kujitolea bila malipo, kama vijana wengi wa Tanzania wanavyofanya wakisubiri ajira za TAMISEMI, ni ngumu zaidi. Wengi wa HR wanataka ajira yenye malipo. Teaching practice au field ya chuo haihesabiwi, ile ni sehemu ya masomo.

8. Barua ya uzoefu iandikwe vipi ili isikataliwe?

Hapa ndo watu wanapoteza hela, kwa hiyo nitaenda taratibu.

Distrikti nyingi zina fomu yake. Texas kuna rekodi ya utumishi ya walimu, fomu FIN-115, ambayo distrikti yako ya mwisho inaijaza na kuisaini. North Carolina wana Fomu E kwa kazi ya ualimu na Fomu NE kwa kazi isiyo ya ualimu. Omba fomu kwa distrikti inayokuajiri alafu itume nyumbani ijazwe, usianze na barua ya kawaida kama fomu ipo. Mkuu wa shule nyumbani akiona fomu ya kigeni anaweza kuogopa kusaini, mpigie simu umweleze kila kisanduku, mjazie mfano kwenye karatasi ya pembeni, huo muda unalipa.

Kama wanakubali barua, iwe kwenye karatasi yenye nembo ya shule au ofisi, na iseme: jina lako lile lililopo kwenye pasipoti, cheo chako, masomo na madarasa uliyofundisha, tarehe kamili za kuanza na kumaliza, kwamba ulikuwa wa muda wote na ni siku ngapi kwa wiki, shule ni ya umma au binafsi na namba yake ya usajili, jina na cheo cha anayesaini, mhuri, simu, na imeili ya ofisi. Imeili ya ofisi sio ya Gmail ya mtu kama inawezekana. Ile barua ya "alikuwa mchapakazi na mwadilifu" ni nzuri kwa usaili lakini haipandishi stepu hata moja.

Jina ni mtego. Ukiolewa ukabadilisha jina, au barua ya zamani ina majina matatu na pasipoti ina mawili, weka cheti cha ndoa au hati ya kiapo kabla hawajauliza.

Na ujue haki yako. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ukimaliza kazi, na Tanzania Bara sheria ya ajira ya 2004 inasema vilevile. Sio fadhila unaomba. Kwa Tanzania mwalimu wa serikali faili lako liko halmashauri, kwa hiyo usiishie kwa mkuu wa shule, nenda ofisi ya mkurugenzi, na chukua nakala ya barua ya ajira, barua za kupandishwa daraja na salary slip zenye check namba. Barua za kupandishwa daraja zina nguvu kwa sababu zinaonyesha mfululizo bila pengo.

Kama nyaraka ni za Kifaransa, wenzetu wa Kongo na Burundi, lazima zitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika.

9. Nimeshafanya tathmini ya vyeti kwa shirika la WES. Si inatosha?

Hapana, hivyo ni vitu viwili. Tathmini ya vyeti inaangalia elimu yako, yaani leni. Haisemi kitu kuhusu miaka ya kazi, yaani stepu. Watu wanalipa tathmini wakidhani wamemaliza, alafu wanashangaa kuwekwa stepu ya mwanzo.

10. Shule yangu ilifungwa, au nilifundisha kambi ya wakimbizi. Nani ataniandikia?

Shule ikifungwa rekodi mara nyingi zinaenda ofisi ya elimu ya wilaya au kaunti, anzia hapo. Kongo walimu waliokuwa kwenye malipo ya serikali majina yao yalikuwa SECOPE, ofisi ya malipo ya walimu, ukipata hata orodha ya malipo ya zamani yenye jina lako ni ushahidi.

Kwa waliofundisha kambini, omba barua kwa shirika lililokuwa linaendesha shule. Nyarugusu shirika la IRC walisimamia shule, Kakuma Lutheran World Federation wamesimamia shule za msingi miaka mingi, na mashirika makubwa haya yana ofisi za watumishi na kumbukumbu. Waeleze distrikti kwamba shule ilifuata mtaala wa taifa na wanafunzi walifanya mitihani ya taifa, Kakuma ni mtaala wa Kenya. Na kwamba ile "insentivu" ilikuwa malipo ya kazi ya muda wote, kiwango kilikuwa kidogo kwa sababu ya hali ya ukimbizi. Nasema hili kwa uchungu maana hawa ndo walimu waliofundisha darasa la watoto mia bila vitabu, na ndo wanaongoza kwa kuwekwa stepu 0 kwa sababu hawana karatasi. Kama wewe uko karibu na mtu wa hivi msaidie kuandika imeili, lugha ya barua za ofisi inawakwamisha wengi.

## Kazi isiyo ya ualimu

11. Nilikuwa nesi, fundi umeme, mhasibu. Hiyo haina faida?

Ina faida ikiwa inaendana na somo utakalofundisha. Shule za sekondari za Marekani zina masomo ya ufundi na taaluma, afya, magari, umeme, upishi, kompyuta, na kwenye hayo uzoefu wa kazini ndo sifa yenyewe. Texas mwalimu wa masomo hayo anaweza kuhesabiwa hadi miaka 2 ya kazi ya nje kwenye mshahara. North Carolina ni wakarimu zaidi, kazi inayoendana na somo uliyofanya baada ya digrii ya kwanza wanahesabu mwaka kwa mwaka, na uliyofanya kabla ya digrii miaka miwili inakuwa mmoja. Mhandisi wa miaka kumi anayeenda kufundisha fizikia asije akaanza sifuri bila kujaza hiyo Fomu NE.

12. Nimekaa Marekani miaka nane nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa nesi) na wikiendi ghala. Zitahesabiwa?

CNA, ukifundisha masomo ya afya, peleka, inaweza kukubalika. Ukifundisha hesabu, hapana. Ghala na kuendesha gari hazihesabiwi. Ila ile miaka uliyofundisha nyumbani kabla ya kuja bado ipo, haijafutika kwa sababu ulikuwa unabeba maboksi katikati. Angalia swali la 20.

13. Nimeanza kama msaidizi wa darasa, au mwalimu wa sabu, yule wa kushikilia darasa mwenyewe asipokuwepo.

Walimu wengi wa kwetu wanaingilia mlango huu wakati laiseni inashughulikiwa, na ni mlango mzuri. Texas inaruhusu hadi miaka 2 ya usaidizi wa darasa wa muda wote kuhesabiwa ukishakuwa mwalimu kamili. Siku za sabu zinaweza kuhesabika kama tayari ulikuwa na laiseni wakati unazifanya, na zifike kile kipimo cha swali la 4. Kwa hiyo wewe mwenye laiseni unayefanya sabu, tunza orodha ya siku zako zote, mfumo wa kuomba sabu unakuonyesha historia, ipakue kila mwisho wa mwaka.

14. Nilifundisha chuo kikuu.

Mara nyingi inakubalika kama ulikuwa mwajiriwa wa muda wote kwenye chuo kinachotambuliwa. Kufundisha saa tatu kwa wiki kama msaidizi wa mhadhiri ukiwa unasoma masta, hapana.

## Ofa, kusaini na kulalamika

15. Naweza kubageini mshahara?

Kwenye distrikti yenye jedwali hubageini mshahara, unapigania kuwekwa kwenye stepu sahihi. California sheria ya elimu, kifungu cha 45028, inataka walimu wawekwe kwa vigezo sawa vya mafunzo na miaka ya uzoefu, isipokuwa distrikti na chama wamepatana vingine. Kwa hiyo usiende na hoja ya "nina watoto wanne na kodi iko juu", nenda na hoja ya "sera yenu inasema mnahesabu hadi miaka 10, hizi hapa fomu za miaka 9, kwanini niko stepu 3?" Hoja ya kwanza wataisikitikia tu, ya pili lazima waijibu.

Shule za chata ni tofauti, nazo ni za umma lakini nyingi hazifungwi na jedwali la distrikti. Kule unaweza kuzungumza hela moja kwa moja. Lakini kabla hujasaini uliza: nikihamia distrikti baadaye miaka yangu ya hapa itahesabiwa?

16. Kwenye fomu wameuliza mshahara wangu wa mwisho. Niandike laki saba za Tanzania?

Kuwa makini. Uzoefu wa zamani na mshahara wa zamani ni vitu viwili. Kuna kesi maarufu ya Aileen Rizo, mwalimu wa hesabu aliyetoka Arizona akaajiriwa 2009 na ofisi ya elimu ya kaunti ya Fresno, California. Walimpangia kwa kuchukua mshahara wake wa nyuma na kuongeza asilimia 5, akaangukia stepu ya 1. Mwaka 2012 akiwa anapiga stori na wenzake wakati wa chakula cha mchana akagundua mwenzake wa kiume aliyeajiriwa baada yake ameanzia stepu ya 9. Akashtaki kwa Sheria ya Malipo Sawa ya 1963. Kesi ikazunguka mpaka Mahakama ya Juu ikarudishwa chini, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya eneo la tisa ikasema mshahara wa nyuma hauwezi kuwa sababu ya kumlipa mwanamke chini ya mwanaume kwa kazi sawa.

Kwa mwalimu wa kwetu hii ni kubwa. Shilingi ulizolipwa Singida au Kisii zikigeuzwa dola zinaonekana ni kitu kidogo sana, na hazisemi lolote kuhusu kazi uliyofanya. California na majimbo mengine kadhaa yamekataza mwajiri kuuliza mshahara wa zamani. Ukikuta hicho kisanduku, uliza kama ni lazima, na mazungumzo yote yarudishe kwenye miaka.

17. Nimeshasaini na nimegundua wameniweka chini. Nimechelewa?

Inategemea ni lini umegundua. Distrikti nyingi zina tarehe ya mwisho ya kupokea uthibitisho wa uzoefu. Ukiwahi wanakurekebishia tangu siku ya kwanza ya mkataba na kulipa kilichopungua, ukichelewa mara nyingi wanarekebisha kuanzia pale au mwaka unaofuata, hela ya nyuma imekwenda.

Fanya hivi: andika imeili kwa HR, fupi, uliza kwa maandishi wamekubali miaka mingapi na ipi wameikataa na kwa sababu gani. Usipige simu tu, simu haina kumbukumbu. Wakijibu "tunasubiri barua kutoka nje", waambie lini itafika na waombe wakuandikie kwamba watarekebisha tangu mwanzo ikifika. Kama una chama cha walimu, mpelekee mwakilishi wa shule yako, makosa ya stepu anayajua kuliko wewe. Na kila Agosti fungua mkataba mpya uangalie stepu, wengine wanakaa miaka mitatu stepu haijasogea na hawajui.

18. Kwani masta haiwezi kufidia miaka niliyopoteza?

Sehemu nyingine ndiyo, sehemu nyingine utalipia ada ya bure. Georgia kutoka T-4 kwenda T-5 mshahara unapanda. North Carolina sheria ya 2013 iliondoa nyongeza ya masta kwa walimu wengi walioingia baada ya hapo. Florida masta inatakiwa iwe inaendana na somo lako ndo ihesabike. Usichukue mkopo wa masta ya elimu kabla hujaona leni ya masta kwenye jedwali la distrikti yako kwa macho yako.

## Kesi ngumu

19. Niko kwa visa ya J-1 (ya programu za kubadilishana) au H-1B (ya kazi). Wananilipa stepu ya mwanzo kwa sababu ya visa. Ni sawa?

J-1 ya ualimu yenyewe inakutaka uwe na angalau miaka 2 ya uzoefu ndo upewe, kwa hiyo mtu akikuambia "uzoefu wako hatuutambui kabisa" muulize ule uliotumika kwenye visa umekwenda wapi. Visa hiyo ni miaka mitatu na inaweza kuongezwa hadi miwili. Omba barua ya ofa ionyeshe stepu, sio jumla ya mshahara tu, maana wakala anaweza kukutajia namba nzuri ambayo kumbe ni stepu 0 pamoja na nyongeza ya distrikti.

H-1B sheria ina nguvu zaidi: mwajiri lazima alipe kile anacholipa wafanyakazi wengine wenye uzoefu na sifa kama zako kwenye kazi hiyo, au kiwango cha soko la eneo hilo, kile kilicho kikubwa. Mwalimu mwenzako mwenye miaka ileile iliyokubaliwa hawezi kulipwa zaidi yako kisa wewe una visa.

20. Niliacha kufundisha miaka sita, nikalea watoto. Miaka ya nyuma inakufa?

Kwa kawaida haifi. Miaka iliyothibitishwa inabaki, pengo haliongezi wala halipunguzi. Kinachoweza kufa ni laiseni, na kinachopotea ni watu wa kukusainia barua, wakuu wa shule wanastaafu na wengine wanafariki. Chukua barua ukiwa bado unakumbukwa.

21. Nikihama Georgia kwenda Texas nabeba stepu zangu?

Hubebi stepu, unabeba miaka, na inahesabiwa upya kwa sheria za unakoenda. Uzoefu wa shule za umma za majimbo mengine huwa unakubalika kwa urahisi kuliko wa nje ya nchi. Ila angalia mtego: kama Georgia walikukubalia miaka 9 ya Kenya na wewe ukaongeza 4 ya kwao, barua ya Georgia inaweza kuthibitisha ile 4 tu. Nyaraka za Kenya zitahitajika tena zote, kwa hiyo orijino usimwachie HR yeyote, toa nakala iliyothibitishwa.

22. Hii hela mpya ya Texas ya miaka mitatu na mitano ni nini?

Sheria ya 2025 ilileta posho ya kuwabakiza walimu darasani kwa kuangalia miaka. Distrikti yenye wanafunzi 5,000 au chini, mwalimu mwenye miaka 3 au 4 anaongezwa dola 4,000, mwenye 5 na zaidi dola 8,000. Distrikti kubwa kuliko hapo ni 2,500 na 5,000. Ona maana yake: mwalimu mwenye miaka 12 ya nyumbani ambaye imekubaliwa miwili tu hapati hata senti ya hiyo, na aliyethibitisha mitano tu anapata yote. Kama uko Texas na umewekwa chini ya miaka 5, rudi swali la 8 leo.

23. Florida wanasema wanalipa kwa utendaji. Uzoefu hauna kazi?

Walioajiriwa kuanzia Julai 2014 wako kwenye jedwali la utendaji, nyongeza ya kila mwaka inategemea tathmini yako. Lakini mshahara wa kuanzia bado distrikti inaweza kuangalia uzoefu. Kwa hiyo kule pigania sana siku ya kwanza, kwa sababu kila nyongeza ya baadaye inajengwa juu ya pale ulipoanzia.

24. Niliitwa jeshini nikiwa mwalimu.

Sheria ya shirikisho inakulinda, ukirudi unarudishwa kwenye stepu ambayo ungekuwa umefika kama usingeondoka. Wapelekee barua ya kumaliza huduma.

25. Wamekubali miaka yangu 10 ya Kenya. Basi na pensheni nina miaka 10?

Hapana, na hapa watu wanapanga maisha vibaya. Stepu ya mshahara ni makubaliano na distrikti, pensheni ni mfuko tofauti na inahesabu miaka uliyochangia. Texas mfuko wa walimu, TRS, unahitaji miaka 5 ya kuchangia ndo uwe na haki ya pensheni ya kila mwezi, na unaanza kuhesabu tangu siku unayoanza kukatwa pale. Distrikti nyingi za Texas pia hazikati Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii wa taifa, kwa hiyo mtu wa J-1 anayekaa miaka mitatu na kuondoka anapaswa kuuliza namna ya kurudishiwa michango yake kabla hajafunga mizigo. Ya Kenya au Tanzania fuatilia kulekule, TSC na mfuko wa PSSSF wana utaratibu wao, usiyaache kwa sababu tu sasa unalipwa kwa dola.